Cherehani Nyuma ya Simu

Siku waliyoniaga kituoni, mwezi uliopita, walinipa saa ya ukutani, keki na hotuba tatu. Kumpa saa mtu ambaye hana tena pa kuwahi ni utani wa aina yake, lakini niliipokea kwa mikono miwili. Keki ilipokwisha, Aline, binti anayekalia sasa kiti changu cha utangazaji, akaniambia, "Mzee Zuberi, tuandikie kitu. Sisi tuliokuja juzi hatujui kazi hii ilianzaje." Nikaahidi. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vilikuwa vidogo na vilikuja kwa kuchelewa. Nitasimulia nilivyoingia, nani alinifunza, na jambo moja nililolitenda ambalo Aline hakulijua alipokuwa akinikatia kipande kikubwa kuliko cha wengine.

Niliingia redioni kwa sababu ya lugha. Nililelewa Bukoba, na tuliporudi kwetu Rwanda, hapa Gisenyi, watu walikicheka Kiswahili changu, wakasema naongea kama kitabu. Kituo kilikuwa kimefunguliwa karibuni na kilitaka mtu wa vipindi vya Kiswahili, kwa wasikilizaji wa hapa na wa Goma, ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Nilidhani nitapewa kipaza sauti siku hiyohiyo, kwa hiyo nilifika nimevaa tai. Aliyenipokea ni fundi mitambo, Papa Deo, mzaliwa wa Kongo, mtu mfupi aliyevaa koti la mvua ndani ya studio kwa sababu paa lilivuja. Kuta zilikuwa zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Akaitazama tai yangu, kisha mlango.

"Bon," akasema. "Ile kamba ni ya muzuri. Hii mulango haifungake, utaifungia."

Akaniweka kwenye simu. Nilikaa hapo miaka miwili kabla sijasema neno hata moja hewani. Kazi ilikuwa kupokea wapigaji, kuwaambia wazime redio zao ili zisilie kama mbwa, na kuwaandika katika daftari lenye safu tatu. Mbili za kwanza mtu yeyote angezikisia: jina na mahali. Ya tatu ilikuwa ya Papa Deo mwenyewe.

"Jina, fasi anatokea, na kitu unasikia nyuma yake," aliniambia. "Mutu anaweza kukudanganya kwa kinywa. Kuku yake haiwezi."

Nikajifunza kusikiliza nyuma ya watu. Niliandika jogoo, mvua kwenye mabati, pikipiki, mtoto analia, sufuria. Mama mmoja aliyeuza nyanya Petite Barrière alikuwa akipiga akiwa kwenye foleni ya kuvuka mpaka, na kwenye safu ya tatu niliandika "askari anamhimiza". Baada ya mwaka nilikuwa ninaweza kumtaja mpigaji kabla hajajitaja, kwa sauti ya mlango wake tu. Nilijivunia masikio yangu, na ni haki msomaji akumbuke kwamba nilijivunia.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa tangazo la kifo. Mtu alipiga akasema mkulima fulani wa Kanzenze amefariki, ndugu popote walipo wafike mazikoni. Nililipeleka kwa mtangazaji likasomwa. Mkulima mwenyewe alikuwa shambani akichimba viazi alipoona majirani wanakuja wanalia. Papa Deo hakunifokea. Alifungua daftari, akaweka kidole kwenye safu ya tatu, mahali nilipoandika kwa mkono wangu: muziki, watu wanacheka.

"Umesikia bar, ukapeleka kilio," akasema.

Tangazo lilisahihishwa hewani palepale. Nikadhani yamekwisha. Papa Deo akanivisha lile koti lake la mvua akaniambia nitoke. Kanuni yake ilikuwa hii: mtu uliyemkosea hewani unamrekebisha hewani, kisha unamfuata kwa miguu. Si kwa pikipiki. Nikatembea hadi Kanzenze, nikamkuta yule mzee, nikapiga magoti kwenye matuta yake. Alicheka mpaka akakaa chini. Nilipoondoka alinitwika viazi kichwani akasema, "Beba, sha. Mwambie mukubwa wako marehemu amekutuma."

Katika nchi hii hakuna mtu wa rika langu anayehitaji kuelezwa redio inaweza kuwafanyia watu nini. Papa Deo hakuwahi kulitamka jambo hilo. Ila kila asubuhi, kabla ya kuwasha mitambo, alikuwa akiigusa swichi ya kipaza sauti kwa kidole kimoja, polepole, na sisi vijana tulinyamaza bila kuambiwa.

Kipindi kilichotulisha kilikuwa cha salamu. Nyinyi wa leo mna WhatsApp, lakini wakati ule mtu wa salamu alikuwa mtu maarufu. Alikuwa na jina la hewani, tena si moja. Yuleyule angepiga saa tatu akiwa Mtoto wa Volkano wa Byahi, na saa tatu na nusu akiwa Baba Mapacha wa Mbugangari, akimsalimia Mtoto wa Volkano. Sote tulijua. Wasikilizaji walijua pia, na walisubiri kuona atajisalimiaje safari hii. Papa Deo alikuwa akitikisa mabega kwa kicheko nyuma ya kioo. Lakini kipindi cha habari kikianza alikuwa anageuza ukurasa wa daftari, ananiambia neno lilelile: "Kwa salamu, mutu anaweza kuwa na majina kumi. Kwa mambo ya watu, mutu ni mumoja."

Alistaafu, akahamia ng'ambo kwa binti yake. Baadaye tukasoma tangazo la msiba wake; nililihakikisha mara tatu kabla ya kulisoma, nikitumaini kwamba nyuma ya simu nitasikia watu wanacheka.

Miaka tisa iliyopita nilikuwa mtangazaji wa kipindi cha michezo cha Jumamosi asubuhi. Mji mzima ulikuwa unazungumza juu ya voliboli. Chuo kimoja hapa kwetu kilikuwa na timu ya wasichana iliyopendwa kuliko timu yoyote ya mpira wa miguu. Kocha wao alikuwa Espérance, mwenyewe aliyewahi kuichezea timu hiyo, mwanamke mrefu wa Nyamyumba, mpole wa maneno na mkali wa saa. Ukichelewa mazoezini, unakaa benchi. Hakujali wewe ni mtoto wa nani. Mwaka ule walipoteza michezo mitatu mfululizo, wa tatu nyumbani, mbele ya watu waliokuja na ngoma. Kukazuka ubishi. Wengine walisema abaki, wengine wakamtaka Patrick, kocha kijana wa Kigali aliyevaa miwani ya jua hata ndani ya ukumbi.

Nikaufungulia ubishi ule simu. "Nani aifundishe timu yetu?" Jumamosi ya kwanza nilipata wapigaji wengi kuliko wakati wowote. Vinyozi walipandisha sauti za redio, watu wakasimama milangoni. Nilifurahi. Naona aibu kuandika kwamba nilifurahi, lakini nisipoliandika hilo mengine yote yatakuwa na sura ya bahati mbaya.

Akapiga Mwana wa Kanzenze: "Ule mama amechoka! Tunataka Patrick!" Nikaandika jina, mahali, na kwenye safu ya tatu, cherehani. Akapiga Shabiki wa Nyamyumba, sauti nzito kama ya mtu aliyejiziba kwa kitambaa: "Hata sisi wa kwao hatumutaki tena." Cherehani. Akapiga Baba Jeanine wa Mbugangari. Cherehani. Akapiga mtu wa Petite Barrière, na ninavyopajua mimi pale hakuna anayeshona nguo huku amebeba mzigo wa ndizi. Cherehani.

Mashine yenyewe niliijua. Ilikuwa ya zamani, ya kukanyaga kwa mguu, na ilikuwa na kasoro: inagonga mara mbili haraka, inapumzika, inagonga tena. Ni ya Selemani, fundi nguo wa karibu na soko, mtu niliyesali naye safu moja tangu nirudi kutoka Bukoba. Nilimtambua kwenye simu ya pili. Ningeweza kumwambia palepale, "Selemani, umeshaongea." Badala yake nilitabasamu, kama Papa Deo alivyokuwa akitabasamu kwenye salamu, nikambonyezea kitufe aingie. Niliona ni uchangamfu tu. Tena kipindi kilikuwa kinapendeza.

Ijumaa kabla ya Jumamosi ya tatu, Espérance alikuja kituoni, filimbi bado shingoni.

"Papa Zuberi, unipe dakika tano tu kesho," akasema. "Si ya kujisifu. Niko na wasichana wawili wameumia magoti, na watu hawajue. Nataka nieleze."

Nikamjibu kwa kile Kiswahili changu cha kitabu. "Kocha, haki ni haki. Nikikupa wewe dakika tano, wengine watasema nimependelea. Piga simu kama kila mtu." Akainamisha kichwa, akashukuru. Nililala usingizi mzuri, nikijiona mtu wa haki.

Alipiga. Saa nne na robo, wimbo ukiwa unacheza, nikapokea mwenyewe na kumwandika: Espérance, chuoni, nyuma yake mpira unadunda, wasichana wanahesabu. Nikamwambia asubiri. Kisha nikamwingiza Mwana wa Kanzenze, maana alikuwa na maneno ya moto. Nikamwingiza Baba Jeanine amjibu Mwana wa Kanzenze, yaani Selemani akakubaliana na Selemani, na mimi nikasema, "Mnasikia jinsi sehemu zote zinavyokubaliana?" Taa ya simu ya Espérance iliendelea kuwaka mbele yangu dakika ishirini na kitu. Nilikuwa naiona. Nilijiambia, baada ya huyu. Mwisho muda ukaisha, nikafunga kipindi kwa maneno ambayo nilikuwa nimeyatayarisha tangu asubuhi: "Wasikilizaji, mji umesema."

Jumatatu iliyofuata Espérance aliondolewa. Katibu wa chuo alinisimulia kwa furaha, akidhani ananipongeza, kwamba mkuu wao alifungua kikao kwa maneno yangu yaleyale. Mji umesema. Mkuu alimpa Espérance barua, akamwomba aache filimbi, naye akamjibu kwamba filimbi ni yake mwenyewe.

Sikusahihisha hewani. Sikumfuata kwa miguu. Nilijitetea kwa methali, na Kiswahili kina methali ya kumtetea kila mtu: lisemwalo lipo. Kama watu wangemtaka, Selemani asingepata wa kumuunga mkono. Walikuwapo wengine kweli, sikatai. Wapigaji waliomtaka aondoke katika zile Jumamosi tatu walikuwa kumi na mmoja, na waliomtaka abaki walikuwa sita. Ila kati ya hao kumi na mmoja, saba walikuwa na cherehani. Hesabu hiyo ingenichukua dakika tano, na sikuifanya kwa miaka tisa.

Patrick alikaa msimu mmoja akarudi Kigali na miwani yake. Magoti yangu yalipoanza kuuma, daktari aliniambia niende kwenye maji ya moto Nyamyumba. Nilikwenda kila wiki, kwa pikipiki, na tulipokaribia kwa kina Espérance nilikuwa nashusha kioo cha kofia. Dereva mmoja aliniuliza kama macho yangu pia yanaumwa. Nikamwambia ni vumbi, siku ambayo mvua ilikuwa inanyesha.

Kwa ajili ya siku ya kuagwa nilitaka suti, na suti nzuri mjini hapa hushonwa na Selemani. Alikuwa ananipima koti, pini midomoni, akiongea kupitia pini.

"Mzee, unakumbuka vile tulimutoa ule mama wa voliboli? We na mi." Akacheka, pini zikacheza. "Mutoto yangu Jeanine alichelewa mazoezi mara mbili tu, akamukalisha benchi mbele ya bibi yake. Bibi alitoka Goma kuja kumuona! Donc mi nikasema, huyu nitamuonyesha. Lakini bila we, ningeweza aje? We ulikuwa unanijua, na ulikuwa unanifungulia. We ni mutu muzuri."

Nilikuwa nimesimama mkono mmoja ndani ya koti na mwingine nje. Baba Jeanine. Hata jina la binti yake halikufichwa vizuri. Mtu mwingine angelivua lile koti. Mimi nilisema mkono wa kushoto unabana kidogo. Akaulegeza, nikamshukuru, na ndiyo suti niliyovaa siku ya keki. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, lakini mimi nguo zenyewe nilikwenda kupimiwa.

Siku mbili baada ya kuagwa nilirudi kusafisha kabati langu, nikayakuta madaftari. La mwaka ule lilikuwa la tatu kutoka chini. Nilidhani labda nimejisingizia, labda niliandika "kelele" tu. Nikafungua. Cherehani, cherehani, cherehani, kwa mwandiko wangu uleule wa kujivuna, na katikati yake lile jina moja lenye mpira nyuma yake na alama niliyoiweka mwenyewe pembeni: hakuingia.

Nikaenda Nyamyumba kwa miguu. Ilinichukua asubuhi nzima, kwa sababu ya magoti, na waendesha pikipiki wote walisimama kuniuliza kama nimeishiwa. Nilimkuta kwenye uwanja wa shule ya msingi, kando ya ziwa. Wavu ulikuwa nyavu kuukuu za wavuvi, umefungwa kwenye miti miwili ya mikaratusi. Wasichana wadogo walikuwa wanaruka na kuhesabu kwa sauti. Filimbi ilikuwa ileile.

Nilitaka kupiga magoti kama kule Kanzenze. Akanishika kiwiko. "Hapana, Papa. Watoto wanaangalia." Basi nikampa daftari, nikamwonyesha kurasa. Alizisoma taratibu, akilamba kidole kila anapogeuza, kama anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Mi nilijua ni Selemani," akasema mwishowe. "Ile mashine yake, nani haijue? Alinishoneaka jezi za timu. Bwana yangu alisema, huyu Zuberi na Selemani wako pamoja. Nikamukatalia. Nikamwambia, ule papa yuko mbele ya micro, iko na makelele, hasikii kitu. Miaka tisa nilikuwa nakutetea mu nyumba yangu." Akaweka kidole kwenye safu ya tatu. "Kumbe ulisikia."

Aliniachia daftari mikononi, akapuliza filimbi, wasichana wakabadilisha upande. Nikamwambia nitalisema hewani, kwa jina lake, mji mzima usikie.

"Langu uliache," akasema, bila kugeuka. "Limetajwa ya kutosha. Utaje lako."

Jumamosi iliyofuata nilikaa kitandani nikapiga simu ya kituo kama mtu yeyote. Nilimwambia mke wangu azime redio ya jikoni. Aline akapokea, akaniuliza jina na mahali kama nilivyomfunza. Aliponitambua akapaza sauti, "Jamani, mzee wetu!" na nikasikia wenzake wanapiga makofi. Nikamwomba aninyamazie dakika mbili. Nikasema jina langu lote. Nikasema kwamba miaka tisa iliyopita, kwenye kipindi hiki, niliwaambia mji umesema, na kwamba mji haukusema. Aliyesema ni mtu mmoja kwa majina mengi, mimi nikiwa namjua, na aliyetaka kujibu nilimwacha kwenye simu mpaka nikafunga kipindi. Nikasema nilifanya hivyo kwa sababu nilipenda kusikilizwa. Kisha Aline akasema, "Asante, mzee," kwa sauti ya mtu anayeokota kitu kilichovunjika, na akaweka wimbo.

Selemani hajanisalimia tangu siku hiyo. Suti nimeitundika nyuma ya mlango. Kilichonisukuma kumaliza kuandika haya ni jana, nilipokwenda kulirudisha daftari kabatini. La Aline lilikuwa wazi mezani, na nikaona kwa furaha kwamba bado mnaandika safu ya tatu. Mstari wangu ulikuwa pale: Zuberi, Gisenyi, nyuma yake kimya. Chini yake kulikuwa na mpigaji aliyefuata, ambaye mimi sikumsikia kwa sababu redio ya jikoni ilikuwa bado imezimwa. Espérance, Nyamyumba, mpira unadunda, watoto wanahesabu.

"Nilimwingiza mara moja," Aline akaniambia. "Sikumwekea hata wimbo."

"Akasemaje?"

"Alisema, 'Nimesikia.' Akakata."

Nilimuuliza kama hakuongeza neno lingine. Aline akanigeuzia daftari nisome mwenyewe. Hakukuwa na lingine.